Benzi ya Ng'ombe wa Wegesa

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimeosha gari mwenyewe tena. Beatrice ananicheka, anasema hata siku ya harusi yetu sikuoga muda mrefu hivi. Acha acheke! Hakuna anayejua mpaka akae nyuma ya usukani wa Benzi ya mwaka 91, afunge mlango, na mtaa wote wa Turwa unyamaze. Hizi gari za siku hizi ukifunga mlango unasikia debe. Yangu inasema dup. Basi.

Ina miaka thelathini na nne. Ngozi ya kiti cha dereva imepasuka, redio imekufa, mafuta inakunywa, sikatai. Lakini ukiingia nayo barabara ya vumbi haikurushi, inakubeba. Jana trafiki wa njia ya Sirari kanipigia saluti kabla hajaona aliyemo ni nani. Mimi! Muuza dawa za mifugo!

Na nilivyoipata naijua, humu sina wa kumficha. Ni ng'ombe wa mahari ya dada yangu Wegesa. Baba angekuwa hai wangekuwa zizini mpaka leo. Baba hayupo, mimi ndiye mkubwa, na mke nimeshaoa, ng'ombe wa kuolea siwahitaji. Nikawapeleka mnadani, nikarudi na Benzi ya daktari mstaafu wa Sirari. Mama alilia siku mbili. Akaniuliza, Wegesa akirudi utawapa nini wenzetu waliomwoa? Nikamwambia Wegesa harudi.

Jumanne, 10 Juni

Fundi Protasi kasema pampu ya mafuta inachoka. Kasema pia kuna mkandarasi kule Mugumu, anaitwa Faustine, anazitafuta sana Benzi za zamani. Nikamwambia aendelee kutafuta.

Alhamisi, 12 Juni

Wegesa kaja. Bodaboda toka kwa mumewe Nyamwaga, mkono kaufunga na kanga. Kasema kaanguka akichota maji. Nikasema pole, uwe unaangalia unapokanyaga. Beatrice alivyonitazama! Kamvuta chumbani, wakakaa weee. Kutoka huko: "Baba Eunice, huyu hakuanguka. Nenda kauone mgongo wake."

Sikwenda. Nilichukua funguo za gari.

Hospitali wamesema mkono umevunjika sehemu mbili. Nesi kauliza PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyepigwa, iko wapi. Nikasema kaanguka. Limenitoka tu.

Na niandike hili pia, maana nani atasoma? Tulipofika getini mlinzi alifungua geti lote, akaniita mheshimiwa, na mimi nikajisikia vizuri. Dada yangu yuko nyuma anang'ata kanga asilie, mimi najisikia vizuri. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 14 Juni

Kaongea. Kumbe mumewe, Kisyeri, anampiga tangu mwaka jana. Miaka mitatu ya ndoa hajashika mimba, ndiyo sababu anayotoa. Na kila akimpiga anauliza, ng'ombe zangu wako wapi? Ng'ombe zangu anaendesha kaka yako!

Lililoniumiza zaidi alilisema taratibu, kama vile si kitu. Zile siku ninazopita Nyamwaga kupeleka dawa, nikapiga honi kuwasalimia — Kisyeri akiisikia ile honi, jioni yake ni kipigo. Mimi nilikuwa napiga ili atoke anione! Mara tatu, nne, mpaka watoto wa jirani wakimbilie barabarani. Nimehesabu safari za mwaka huu nikaacha.

Beatrice anataka twende polisi, dawati la jinsia. Nikasema tuwasikilize kwanza wenzetu. Kanijibu, "Wenzetu!" Akaenda zake jikoni.

Jumatano, 18 Juni

Wamekuja. Kisyeri na baba yake mdogo. Nikampa mzee shikamoo, kaitikia vizuri, kanywa chai. Kisyeri kagoma kuingia ndani. Kabaki nje anaizunguka gari, anaipigapiga boneti kwa kiganja, vile watu wanavyompiga ng'ombe ubavuni mnadani.

Mzee hakusema mengi. Mke arudi, au ng'ombe warudi. Mwisho Jumapili. Ugomvi na mtu hataki. Kisyeri akaongezea pale dirishani: "Kama ni mke, shemeji, mlete na hii hii. Watu wa nyumbani nao wawaone ng'ombe zao." Damu ilinichemka! Mtu mzima, mura, mwanaume wa Kikurya, natukaniwa kwangu! Nilitaka kumrukia. Nikabaki nimeshika kikombe.

Wegesa alikuwa jikoni, kasikia yote. Walipoondoka kaniambia, kaka, uza gari. Hivyo tu. Huyu mtoto hajawahi kuniomba kitu, hata sare ya shule alikuwa anasubiri nikumbuke mwenyewe. Nikamwambia nauza. Nikaapa kwa kaburi la baba.

Ijumaa, 20 Juni

Mugumu nimefika saa nne. Faustine ni mtu mpole, kitambi, kofia ya pama. Kaizunguka gari, kafungua boneti, kaingiza kichwa huko, katoka anacheka peke yake. Hakubishania bei hata kidogo. Kasema anaichukua leo leo kwa bei yangu. Fedha hiyo ingewarudisha ng'ombe wote. Wote! Nikampa funguo. Akakaa, akawasha.

Sijawahi kuisikia nikiwa nje. Siku zote mimi niko ndani. Inavyonguruma, mama yangu! Akakanyaga mafuta kidogo ikainua pua, na mimi nimesimama juani na viatu vyenye vumbi. Nikajiona kesho, naingia Tarime kwa miguu toka stendi. Muuza dawa za mifugo. Hakuna wa kufungua geti, hakuna wa kuniita chochote.

Nikafungua mlango nikamwambia, samahani ndugu yangu, siuzi. Kadhani natania. Kaniuliza kuna nini, bei? Nikasema siuzi tu. Alishuka pole pole, akaniachia kiti.

Kurudi nilikuwa naimba. Naandika ili nijue mimi ni mtu wa namna gani: nilikuwa naimba! Mpaka karibu na Nyamwaga ndipo sauti ikakata. Pale nilipita bila kupiga honi.

Nyumbani nimesema mnunuzi hakutokea. Na simu hapokei. Wamenisikiliza wote wawili. Beatrice kauliza mara mbili, nimejibu mara mbili.

Jumamosi, 21 Juni

Wegesa kasema anarudi kwa mumewe. Hataki mzee yule aje tena kunidhalilisha mbele ya majirani. "Umejaribu, kaka. Nimeona umejaribu."

Beatrice kaweka chakula mezani akaondoka.

Nimeosha gari. Sijui nimeosha ya nini.

Jumapili, 22 Juni, saa tisa alasiri

Naandikia kwenye usukani. Tumesimama Nyamwaga, pembeni ya barabara. Njia ya kwa Kisyeri ni ile pale, inaingia kwenye migomba.

Wegesa alilala tangu tunatoka Turwa. Kajinyoosha kiti cha nyuma, mkono wenye plasta kauweka juu ya mfuko wa nguo. Beatrice alisema wiki nzima huyu hajapata usingizi. Humu kaupata! Nilikwepa kila shimo, nilikuwa naikanyaga breki kama nimebeba mayai. Nikajisemea, basi angalau hiki nimempa.

Hapo ndipo simu ikaita. Nikaweka spika, mikono yote iko kwenye usukani. Faustine. Sauti yake ikajaa gari nzima: "Mzee wangu, tangu juzi silali! Ile Benzi uliyoninyang'anya nimeshaiwasha, naongeza hela. Badili mawazo, bwana!"

Nikakata. Nikatazama kwenye kioo. Macho yake yalikuwa wazi.

Angeuliza ningepata la kusema. Mimi ndiye nikasimamisha gari, nikasema injini imechemka, tungoje kidogo ipoe. Inaunguruma hapa, tulivu kabisa. Mshale wa joto uko katikati, na pale alipokaa anauona. Nimetoa daftari hili chini ya kiti, najifanya naandika kilomita.

Watu wawili wametokea kwenye migomba, wanakuja huku. Wa mbele ni Kisyeri. Kavaa koti.

Wegesa kainama mbele, kanigusa bega kwa ule mkono mzima.

"Basi izime, kaka," kasema. "Isije ikaharibika."