Baba, Tumenunua Drili Bila Wewe

Baba,

Shuleni tumefunzwa kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Nimekaa na kalamu nikashindwa nikuulize nini. Basi nianze na hili: tumenunua drili. Ya betri, haina waya, ndogo. Na nakuandikia kwa sababu nina wivu na sina mwingine wa kumwambia. Nikimwambia Mama atalia.

Wivu wenyewe ni wa kumwonea Barasa. Najua ni mtoto wa dada yako, najua hana baba, najua ulitaka nimwite kaka. Namwita. Lakini baada ya matanga, wazee walipokaa kugawa vitu vyako, walisema mpwa hatoki kwa mjomba wake mikono mitupu, ndiyo desturi, wakampa drili yako ya waya. Mimi wakanipa redio. Mzee mmoja akasema, "Msichana atasikiliza habari akipika." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, unanijua nikiona aibu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kuna kitu hukujua. Kila jioni ulipokuwa ukimfunza Barasa kwenye karakana, mimi nilikuwa upande wa pili wa mabati na vitabu vyangu. Uliniambia, "Wewe soma, mikono yako ni ya kalamu." Nilisoma. Lakini sikio lilikuwa kwenu. Nilikusikia ukimwambia, "Usilazimishe mashine. Ikianza kulia tofauti, itoe ipumue." Kwangu ulikuwa na sauti ya kuuliza hesabu nimepata ngapi. Kwake ulikuwa na sauti nyingine kabisa. Ile ndiyo niliitaka. Ungeniita hata nishike upande mmoja wa ubao, Baba. Upande mmoja tu.

Ile drili ya waya imezeeka. Kaboni zake, zile zinazosagika ndani ya mota, ziliisha, Barasa akaweka nyingine, nazo zinaelekea kuisha. Stima ya hapa Malaba unaijua tabia yake. Na kazi nyingine ziko huko Busibwabo kwenye nyumba mpya ambazo hazijawekwa stima. Basi Mama akasema tununue ya betri, moja, itufae karakana na hata nyumbani, maana fimbo ya pazia lake imelegea upande mmoja tangu uondoke. Akatutuma Busia wawili, mimi na Barasa, tusirudi na mashine ambayo mmoja wetu hawezi kuishika. Karakana ni yenu nyote, alisema. Mama husema hivyo. Lakini wateja wakija Barasa wanamwita boss, na mimi wananiuliza, "Fundi yuko?"

Ndiyo maana niliogopa ile safari. Ikichaguliwa drili ya mkono wa Barasa peke yake, basi mimi ningebaki na redio yangu.

Mwenye duka alikuwa mama wa kutoka ng'ambo, upande wa Uganda. Tulipoingia tu akamwambia Barasa, "Karibu ssebo," yaani bwana, kisha akampa mkononi drili kubwa nyeusi, ya kutoboa hata zege, boksi limeandikwa volti nyingi ajabu. Barasa aliishika kama mtu anayepigwa picha. Mimi nikasema, kwa ile sauti yangu ya chini, naomba nione ile ndogo ya volti kumi na mbili.

"Nyabo," akaniambia, "hiyo ni ya kukorogea uji."

Barasa akacheka. Nilimchukia, Baba. Nilimchukia mpaka masikio yakapata moto.

Nikafungua mfuko wangu nikatoa kipande cha mvule na skrubu ndefu. Unakumbuka siku ile tulipoenda mimi na wewe kununua randa? Ulibeba mbao yako kutoka nyumbani. Ukaniambia mbao ya dukani huwa laini, hapo kila kifaa ni shujaa, nenda na mti unaoujua. Nilidhani hiyo ni yetu wawili. Ndicho kitu pekee cha ufundi ulichowahi kuniambia mimi, ukiniangalia mimi, bila ukuta katikati. Nikageuka, na Barasa naye ametoa kipande cha mvule mfukoni mwa koti.

Kumbe hata hiyo ulimpa.

Nilitaka kumuuliza ni lini, na kama ulimwambia kwa maneno yale yale. Yeye ndiye aliyeuliza. "Na wewe alikufunza hii?" Hakuwa anacheka tena. Aliuliza vibaya, kama mtu aliyeibiwa. Niliijua ile sauti, Baba, kwa sababu ndiyo ninayojisemea nayo kila siku.

Nikaweka mvule wangu juu ya kaunta. Tukaanza kujaribu. Ile kubwa ilifikisha skrubu nusu, ikaanza kunguruma, ikanuka plastiki iliyokaribia moto. Nikasema itoe, imechoka, na Barasa akaitoa papo hapo. Zile volti zilikuwa za boksi tu. Kulikuwa na nyingine ya volti kumi na nane, hiyo ilikuwa na nguvu ya kweli, lakini nilipoiinua juu ya kichwa kama mtu anayefunga skrubu kwenye dari, mkono wangu ulitetemeka. Nikampa naye aiinue. Akakaa nayo juu, akakaa, halafu akaishusha akisugua bega. Ile ndogo ikaenda polepole, haikulalamika, mpaka kichwa cha skrubu kikalala ndani ya mvule. Mama wa duka akaenda kutafuta boksi lake.

Barasa akasema ukuta wa mawe utaishinda. Ni kweli, hilo siwezi kumnyima. Nikamwambia, "Kwa ukuta tuna ile ya waya."

Nilisema tuna, Baba. Ile aliyopewa yeye. Hakunisahihisha.

Nilihakikisha pia kwamba betri zake huuzwa peke yake, kwa sababu drili ambayo betri yake haipatikani ikifa ni jiwe lenye rangi. Ndani ya boksi zilikuwa mbili. Tukiwa njiani nikamwambia betri moja yake, moja yangu. Siku za shule anafanya kazi na yake. Jumamosi nakuja na yangu imejaa, yeye anatoa yake, na drili inakuja mkononi mwangu. Akasema sawa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Nambale kufunga milango ya kabati la jikoni. Mimi nilikuwa nimeingiza kichwa chini ya rafu ya juu, pale ambapo mkono wa Barasa haupiti. Mama mwenye nyumba akaleta chai, akamuuliza Barasa, "Fundi, huyu ndiye msaidizi wako?"

Nikajikunja humo ndani nikingoja. Barasa alikuwa ameshika skrubu kwa meno. Akazitoa moja moja.

"Hapana, mama. Mafundi ni sisi wawili."

Nilifurahi. Halafu, nisikudanganye, wivu ukarudi hapo hapo, chai haijapoa. Kwa nini aseme yeye? Mimi nilikuwa na mdomo, na haukuwa na skrubu.

Fimbo ya pazia la Mama nimeifunga, imenyooka. Pumzika, Baba. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kumwonea wivu, labda hata yeye hataacha kunionea mimi. Nakuahidi hili ninaloliweza: mtu akiuliza tena fundi ni nani, sitamngoja Barasa. Nitajibu mimi kwanza, kwa sauti ya kusikika, na nitataja majina yote mawili.

Wako,
Nekesa