Leo Umekula Nini

Jumapili, 26 Januari 2025
Seva imeamka vizuri. Mashine kuukuu tu, iko nyuma ya magunia ya maharage hapa dukani kwetu Ruashi, kusini mbali na Goma, lakini ndiyo inayobeba meseji za ukoo wetu mzima. Baada ya sala ya jioni kila mtu aliandika alichokula, kama desturi yetu. Dada yangu Abigaëlle, kutoka Goma: "Sombe kwa samaki." Mwongo! Kisamvu chote hicho nani ampikie? Anaishi peke yake, jioni ni chai na mkate. Kila siku sombe kwa samaki, na kila siku Mama anacheka. Leo hakucheka. Vita viko karibu na mji.

Jumanne, 28
Goma imeanguka. Abigaëlle alikuwa akipitia seva ndogo ya kazini kwake, iliyounganishwa na yangu. Imezimika. Meseji zetu kwake zimepanga foleni hapa, zinasubiri. Ya Mama ni fupi: Abi, umekula?

Jumatano, 29
Binamu yangu Kasereka, yuko Butembo, ameniomba nifunge mlango: seva ya nje tusiyoijua isipite. Kuna ndugu wamejificha Goma, majina yao yakijulikana watasakwa. Nimefunga. Lakini moyo unauma — Abigaëlle akipata njia nyingine, atagonga wapi?

Ijumaa, 31
Umeme hakuna. Batri ya sola imechoka. Mama amezima taa na friji ili seva iendelee, tunakula kwa kupapasa. Jioni Mwape akaingia. Mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa hapa hapa — yule yule anayelalamikia antena yangu! Amebeba batri ya gari lake.

"Kamata, Mumbere. Motoka yangu itaikala. Mutoto wa mama njo wa kwanza."

Gari lake likae tu, mtoto wa Mama kwanza! Nampenda yule mzee. Nikaiunganisha papo hapo.

Jumapili, 2 Februari
Tumetoka kanisani, nikakuta seva ngeni inagonga. Jina: abi. Basi. Jina hilo yeyote anaweza kujiandikisha nalo. Kasereka ameandika nisithubutu, huo ni mtego. Mama amesimama nyuma yangu, mkono begani.

Nimefungua hiyo moja tu. Naandika kwa akaunti mpya, isiyo na jina la mtu, nisimfichue yeyote. Naogopa hata hivyo. Nikauliza: Leo umekula nini?

Jibu likaja:

"Sombe kwa samaki."

Nimelia kama mtoto. Mama hakulia. Amesoma, akasoma tena.

"Ni yeye," akasema. "Hata chai hana."

Kisha swali likaja: Na Mama?

Mama hajatia kitu mdomoni tangu jana. Nimemgeukia.

"Andika kuku. Sema nimekula mpaka nimeshindwa."

Nimeandika. Batri ya Mwape inakwisha, kengele ya tahadhari imeanza kulia. Kwenye kioo Abigaëlle anaandika — ameacha — anaandika tena —