Kuweka Rahisi, Kutoa Ndiko Kwenye Kilio

Mpendwa Nei Kelera, shangazi yetu wa gazetini, nisaidie mama, maana kifua kimejaa na sina wa kumwambia, mimi ni mjane wa hapa Nausori, kwetu Fiji, mume wangu Apisai tulimzika msimu wa mvua na bado nimevaa nyeusi, na haya ninayokuandikia hata mama mkwe ninayelala naye nyumba moja hayajui.

Tulikuwa na studio ya video, arusi, mazishi, sherehe za kutimiza miaka ishirini na moja, kwaya za kanisani, Apisai anapiga picha, mimi nahariri na kutunza, na kila mteja tulimwahidi kwamba kazi yake tutamtunzia maisha yote, na ahadi hiyo ndiyo iliyotupa jina. Kosa lake lilikuwa moja tu, hakukubali kukata sauti yake mwanzoni, kila video, hata ya arusi yetu, inaanza na yeye akiwa nyuma ya kamera akihesabu moja, mbili, tatu kwa Kifiji, "Dua, rua, tolu, haya chekeni, hata msiolipa!" nami nilikuwa namgombeza kila siku, kata hiyo sauti bwana, watu watatuona washamba, naye anacheka tu.

Basi mto ulipofurika kabati la diski likalala majini, tukapoteza arusi za watu, nikasema sasa tuweke mtandaoni, kwenye kampuni zinazohifadhi mafaili kwa malipo ya mwezi. Nikalinganisha bei mwenyewe, kampuni tatu, nikachagua ile ya chini kabisa, wanayaweka mafaili yako mahali pa mbali kama yamelazwa usingizi, na ukiyataka unaomba yaamshwe. Apisai akaniuliza, "Mama Litia, umeuliza bei ya kuweka. Bei ya kutoa umeuliza?" Nikamjibu, "Nani atatoa? Mazishi ya mwaka juzi nani anayaangalia tena?" Akasema, "Kwani wewe umeolewa ukoo gani? Ndugu zangu huwajui?" Yeye alitaka ile ya katikati, kwa mwezi ghali kidogo lakini kutoa ni bure, na diski nyingine ikae kwa kaka yake Semi kule Lautoka kwenye ukavu. Nikamdhihaki mbele ya wateja, nikamwita mzee wa madiski, akaniacha nifanye nitakavyo.

Alipofariki ndipo nilipojua nimeolewa ukoo gani. Wifi yangu Vilimaina akapiga simu kutoka Sydney, "Wifi, kerekere, nitumie zote za Api, arusi yenu, mazishi ya baba, ile ya kwaya." Nikamwambia zinachukua muda kuamka. "Ziamshe haraka basi, wifi, watu wamejaa sebuleni hapa wanalia!" Na wewe Nei unajua, ndugu akishakuomba kwa neno hilo la kerekere, huna mdomo wa kukataa. Nikaziamsha kwa haraka, kumbe haraka ina bei yake, nikamtumia kiungo, yeye akakitupa kwenye kundi la kanisa, kanisa likawatumia wa Auckland, wa Auckland wakawatumia vijana wetu wa jeshi wanaolinda amani kule Sinai, na wateja wa zamani nao wakaanza, kerekere dada, na ya kwetu, na kila anayetazama na kila anayepakua mita inasoma kwangu, kwa dola za Marekani, na mimi niko kwenye mkeka nalia, ujumbe wa kampuni sifungui.

Kadi ikakataliwa. Akaunti wameifunga. Wanasema nisipolipa mwisho wa mwezi wanafuta kila kitu, na hata nikitaka kuhama, kuyatoa yote kwa mara moja kunazidi hiyo bili yenyewe. Humo mna kazi za watu wote, na mna video moja ambayo Apisai alijirekodi alipoona ugonjwa umemshinda, mara ya kwanza tangu arusi yetu kukaa mbele ya kamera, anazungumza na binti yetu Litia kwa siku atakayotimiza ishirini na moja. Sijaitazama. Nilimwahidi ataifungua Litia mwenyewe.

Fedha niliyonayo ni moja tu, ya vakabogidrau, siku ya kuanua matanga. Semi alipita juzi akaniambia, "Shemeji, ng'ombe wawili, na mikeka mizuri, tusimwaibishe kaka." Nikamwambia vinaka, asante, nikaingia jikoni nikalia. Nikiichukua nilipe kampuni, nitasimama na uso gani mbele ya ukoo? Nisipoichukua, nimemzika mume wangu mara mbili, na mara hii kwa mikono yangu. Nifanye nini, Nei?

Mjane wa Nausori

NEI KELERA ANAJIBU

Binti yangu, pole. Pole sana. Barua yako nimeisoma chai ikapoa. Sasa kaa vizuri nikugombeze kidogo, kisha tufanye kazi.

Wewe si mjinga, una haraka. Uliuliza kulala ni bei gani, hukuuliza kutoka. Umeingia nyumba ya wageni inayokulaza kwa senti, asubuhi wanakudai mlangoni. Nami nawaambia na wenzako wote wenye maduka, ofisi na studio wanaonisoma: bei ya mwezi ni nusu ya maneno. Uliza kutoa ni kiasi gani, kuamsha kwa haraka ni kiasi gani, kufuta kabla ya muda kuna faini au hakuna, na siku ukitaka kuhama na mizigo yako yote utaachiwa kwa ngapi. Kisha jiulize, je, vitu vyangu ni vya kukaa au vya kuombwa? Bei ile si ya wizi. Inamfaa mwenye makaratasi ya zamani ambayo hakuna anayeyataka. Wewe umeweka humo nyuso za marehemu wa Wafiji, ukategemea hakuna atakayebisha hodi! Mumeo alikuambia. Basi, hilo limepita, usijichape nalo kila usiku.

Unaogopa uso wako mbele ya ukoo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo hii, kabla hujapika, kaa na mama mkwe umwambie yote. Ni mama yake, ana haki ya kujua sauti ya mwanawe iko wapi. Kisha mwite Semi, umwambie mbele ya mama, "Shemeji, ng'ombe mmoja." Akipandisha sauti, mwambie bili hii imeliwa na ukoo mzima, na ukoo mzima ni wake. Ilipe kampuni kwa fedha ya ng'ombe wa pili na ya mikeka. Apisai hataaibika kwa kukosa nyama.

Huyo Vilimaina naye mpigie. Mwambie, "Wifi, kerekere." Neno hilo halikutungwa kwa ajili ya walioko Sydney peke yao. Achange, na kundi lake la kanisa lichange.

Iandikie kampuni leo leo. Waambie umefiwa, omba muda, omba wapunguze. Anayeomba kwa adabu mara nyingine husikilizwa, na asiyeomba hakuna anayemkumbuka. Wakifungua mlango, usikimbilie kubeba vyote. Toa kwanza ile ya Litia, peke yake, faili moja halifilisi mtu. Iweke kwenye diski mbili, moja yako, moja ya Semi kule ukavuni, kama marehemu alivyotaka. Za wateja utazihamisha polepole kwenye ile kampuni ya katikati, na kila mteja umwambie ukweli. Viungo usigawe tena. Anayetaka nakala aje na diski yake.

Sikuuzii matumaini, binti yangu. Huenda wakakataa, wakafuta. Hapo utamketisha Litia umwambie kwamba baba alimwachia maneno na mama hakuweza kuyafikisha. Dawa ya hilo sina. Naandika hili na mimi nimeumia.

Ila kuna jambo moja machozi yamekuzuia kuliona. Hao waliokupandishia bili walikuwa wanapakua. Arusi yenu iko Sydney, mazishi ya mkweo yako Auckland, kwaya iko kwenye simu za vijana jangwani, na kila bibi arusi wa Nausori ana yake kabatini. Zote zinaanzaje? Siku ya kuanua matanga, mwambie kila mtu aje na aliyo nayo au aitume, uzirudishe nyumbani. Na kabla nyama haijapakuliwa, washeni moja, yoyote ile. Apisai atawahesabia dua, rua, tolu, awaambie mcheke hata msiolipa. Safari hii, mama, usimkate.