Laptopu ya Wataalamu

Ishpeming, Michigan
Jumamosi

Wifi yangu Aili,

Namshukuru Mungu tumeamka salama, ingawa theluji imefika madirishani.

Kaka yako Reino ameacha masomo ya kuchora ramani za nyumba. Tulipokwenda kununua laptopu, muuzaji alituambia kazi hiyo inataka modeli ya kitaalamu. Nikamcheka Reino mbele ya watu: "Ya wataalamu? Huyu? Baba, utaalamu wako ni kulala kwenye kochi! Mpe ya kawaida." Naye akacheka, akaibeba hiyo ya kawaida.

Ikawa inaganda kila akifungua mchoro. "Ni kichwa changu, mke wangu," akasema, "kimezeeka." Siku ya mtihani iliganda tena, akarudi analia.

Jumatatu mwalimu wake akanipigia: "Mama, mumeo ana kipaji. Mashine ndiyo iliyoshindwa. Mwambie arudi kabla ya Ijumaa, nafasi yake ipo."

Sikumwambia. Wifi, tangu aache masomo anakaa kando yangu kanisani, nami nimemwombea hilo miaka ishirini. Ijumaa ilikuwa jana. Akikupigia, mpe pole tu.

Ndimi wifi yako katika Kristo,
Marlys