Kifo cha Gatwech Reath Katika Upasuaji wa Bega

KITUO CHA POLISI, LODWAR
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nakuleu Ethuro
Umri: Miaka 36
Kazi: Muuguzi wa thieta
Makazi: Nawoitorong, Lodwar

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 10 Machi 1998, asubuhi, nilikuwa thieta, chumba cha upasuaji, katika hospitali ninakofanya kazi. Mgonjwa alikuwa Gatwech Reath, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, seremala katika kambi ya Kakuma. Bega lake la kulia lilikuwa likitoka mahali pake, hata randa hakuweza kuisukuma. Mkewe, Nyakuoth, alibaki barazani. Aliyepasua ni Daktari Ostrander, mgeni aliyekuja kwa ndege na kamera ya kupasulia kupitia tundu dogo. Aliyetayarisha dawa ni Firmin, mkimbizi wa Burundi, msaidizi wetu.

Katika upasuaji huo bega hujazwa maji ya chumvi ili kamera ione. Damu ikitoka, maji huwa mekundu na daktari haoni kitu. Basi adrenalini kidogo huchanganywa katika mfuko mkubwa wa maji ili mishipa ijikaze. Ikidungwa bila kuchanganywa, inaweza kuusimamisha moyo.

Saa nne hivi skrini ilijaa wekundu. Daktari alisema, "Adrenalini kwenye mfuko." Firmin aliivuta katika bomba la sindano, akasema kwa sauti, "Hii ni ya maji," akaiweka mezani ili ashushe mfuko uliokwisha. Hapo mezani palikuwa na bomba jingine, la dawa ya ganzi. Yote mawili hayakuwa na alama. Daktari, macho yakiwa kwenye skrini, alinyoosha mkono, akachukua bomba la Firmin badala ya lile la ganzi, akamdunga mgonjwa begani. Firmin aligeuka, akapiga kelele, "Docteur, hapana! Si hiyo!" Ilikuwa imekwisha kuingia yote.

Moyo wa Gatwech ulienda mbio, kisha ukasimama. Daktari alimkandamiza kifua mwenyewe kwa muda mrefu. Gatwech hakurudi.

Jioni hiyo Firmin alikamatwa, akidaiwa kuwa ndiye aliyemuua Gatwech. Kesho yake daktari alipanda ndege akaenda zake.

Nyakuoth aliniuliza, "Sista, huyo Mrundi alikuwa na chuki gani na mume wangu?"

Nilimweleza jinsi ilivyokuwa. Alikaa chini, akajifunika uso kwa shuka. Kisha akasema, "Basi mfungulieni. Kumfunga mume wa mwingine hakunirudishii wangu."

Msimamizi wa hospitali aliniambia nifikirie kazi yangu kabla ya kuja hapa. Nimeifikiria.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nitayarudia mbele ya hakimu.

Sahihi: N. Ethuro
12 Machi 1998

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akakubali kuwa ni ya kweli, akatia sahihi mbele yangu. Aliomba kumwona mahabusu Firmin, akiwa amemletea chakula. Nilimjulisha kuwa mahabusu alihamishwa asubuhi ya leo, kabla yeye hajafika.

Koplo J. Losike