Shanice Alilitazama Jua

Mwakingali,
Voi.
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Khairat,

Assalaam aleikum. Hamjambo huko Maskati, na joto mnalivumilia vipi? Goti la Shemeji Badawy limepoa? Mama hajambo, anakula vizuri, na kila akimaliza kusali anakutaja. Mimi mwilini mzima, lakini moyoni sina amani. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nawafundisha watoto wangu wa chekechea, wale wa PP2, habari za mwanga wa jua. Asubuhi tulitoka uwanjani, kila mmoja akachorewa kivuli chake kwa chaki. Saa sita tukarudi, vivuli vimekuwa vifupi. Walivyocheka! Nikawaambia jua limehama. Shanice, msichana wa miaka mitano, akaniuliza, "Ticha, linahama lini? Mbona silioni?" Nikamjibu haraka haraka, "Tazama vizuri, utaona." Nilimaanisha kivuli, dada. Wallahi nilimaanisha kivuli.

Wakati wa mapumziko nilikuwa nasahihisha vitabu. Yeye akaenda nyuma ya tangi la maji, akalikodolea jua macho. Alirudi machozi yanamtiririka, huku anatabasamu. "Ticha, nimeliona likitembea!" Sikumuuliza ameliona vipi. Niliwaambia wenzake wampigie makofi.

Siku ya pili akawa ananitazama kichwa upande. "Ticha," akasema, "leo huna uso."

Hospitali ya hapa ilimpeleka Mombasa. Daktari alisema jua limemuunguza ndani ya macho yote mawili, katikati kabisa, pale pa kuonea. Dawa hakuna, ni kungoja miezi. Huenda akaona sawasawa tena, huenda asione.

Mwalimu mkuu, Bwana Nicodemus, akaniambia, "Watoto hutazama jua kila siku, Nasiha. Nyamaza, usijiharibie kazi." Nikanyamaza. Wiki mbili nzima nilikuwa nikizunguka njia ya mbali nisipite stejini kwa matatu, ambapo mama yake, Evelyn, anauza mboga.

Jana nilishindwa. Nilimkuta kwake anachambua mchicha, nikamweleza yote, neno langu na yale makofi. Hakunitukana. Aliweka sinia chini, akasema polepole, "Aliniambia ni wewe ulimwambia atazame. Nikasema mwalimu hawezi. Nilimchapa kwa kusema uongo, mwalimu. Macho yanamuuma, na mimi namchapa."

Kisha akasogeza pazia, nikamwambie mtoto mwenyewe. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia hakusema uongo, kosa ni langu. Alinisikiliza akilitazama sikio langu, maana ndivyo anavyoniona sasa. Nilipomaliza akauliza, "Na mama amesikia?"

Dada, wewe unafanya kazi na madaktari wa macho. Waulize watoto wa namna hii hupona wangapi, na sisi tufanye nini tunapongoja. Usinifiche kwa kunionea huruma. Nimemwahidi Evelyn nitamsomea jibu lako kama utakavyoliandika, hata likiwa baya.

Nisalimie Shemeji Badawy, na umbusu Fuad kwa niaba ya mama mdogo wake. Mama anawaombea dua. Mwenyezi Mungu awahifadhi huko ugenini, na mtoto yule amrudishie nuru yake.

Mdogo wako akupendaye na akungojaye,
Nasiha