Nimemchapa Mzee Kalama

Quinter, nimejifungia chooni kwa kina Morgan hapa Timbwani na sitoki. Nimemchapa babake.

Babake, Quinter! Mkononi, lakini sebule nzima imesikia, na shangazi zake wamekuja leo kumwona mchumba.

Ni ile TV yao ya zamani yenye mgongo mkubwa. Picha inakuja na kupotea, na ndani inatatarika. Morgan akajisifu, "Nafula amesomea umeme." Nikashindwa kukataa.

Nikaichomoa, nikaifungua, nikasema isiguswe kwanza, kioo bado kimehifadhi umeme mkali. Unaijua sauti yangu ilivyo ndogo. Hakuna aliyesikia.

Mzee akaja na kitambaa kilicholowa apanguse vumbi, mkono moja kwa moja kwenye kifuniko cha mpira, pale pale umeme ulipo. Nikamchapa pa! "Wewe mzee, utakufa!"

Wewe mzee! Nimemwambia wewe mzee!

Kisha shangazi mmoja: "Hajaolewa, ashaanza kupiga."

Ngoja, anabisha mlango. Ni Mzee mwenyewe.

Anasema, "Mwanangu, toka upesi. Morgan ameingiza bisibisi mle ndani, na mimi hanisikii. Njoo umpigie kelele kama ulivyonipigia."